Jino Lililozibwa Lataka Kutunzwa

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu huku Nchelenge tukishazibwa jino twadhani yamekwisha. Sivyo. Kizibo cha fedha na zebaki mara nyingi hudumu miaka 10 hadi 15; cha rangi ya jino, pengine pungufu. Hatari iko ukingoni, kizibo kinapokutana na jino: sukari ya chai na muwa hunasa hapo, jino likaoza chini kwa chini bila maumivu. Tupige mswaki kwa dawa yenye floraidi, hasa usiku. Tusifungue chupa kwa meno (tunajijuana!). Ukingo ukikwaruza ulimi, twende mapema.

Umeme si lazima: katikati ya miaka ya 1980 Tanzania ilianza mbinu ya kusafisha na kuziba jino kwa vyombo vya mkono tu. Basi tukiambiwa ling'olewe, tuulize kwanza kama laweza kuzibwa upya.