Kustaafu si Kuketi



Katika somo la mwezi huu twataka kutazama jambo linalowapata watu wengi wa Handeni na Korogwe, nalo ni maisha ya mtu baada ya kuacha kazi ya mshahara. Kwa sheria ya nchi yetu watumishi wa umma walio wengi waweza kustaafu kwa hiari wakiwa na miaka 55, na wakifika 60 hawana budi kustaafu. Siku hiyo mtu hupewa barua na zawadi, husifiwa mbele ya wenzake, kisha hurudi nyumbani. Lakini kesho yake aamka alfajiri kama desturi yake, naye hana pa kwenda. Afanye nini asubuhi ile? Hilo ndilo swali la somo letu.

Twamkumbuka mzee mmoja aliyefundisha shule miaka mingi, kisha akarudi kwao upande wa Handeni. Alinunua kiti kizuri, akakiweka chini ya mwembe, akasema, "Nimefanya kazi ya kutosha, sasa napumzika." Mwaka wa kwanza watu walipita kumwamkia. Mwaka wa pili walipungua. Miguu yake ikaanza kuvimba, usingizi ukamkimbia usiku na kumjia mchana, naye akawa mkali nyumbani kwa mambo madogo. Siku moja mjukuu wake akamwuliza, "Babu, unamngoja nani hapo?" Mzee hakuwa na jibu. Asubuhi iliyofuata alichukua fimbo yake, akamsindikiza mtoto yule shuleni. Akafanya hivyo siku zote, hata mtoto akamaliza darasa la saba. Na kiti kile kikawa cha wageni.

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 8, twasoma habari za Walawi, ya kwamba walipofika miaka 50 waliondolewa katika utumishi mzito, wala hawakufukuzwa. Waliendelea kuwasaidia ndugu zao. Basi mzigo ndio uliopunguzwa, si mtu. Na tuone mambo matatu yamfaayo mstaafu.

1. Miguu

Mwili usiotumika hudhoofika upesi, na katika uzee zaidi. Nyama za miguu hupungua, mtu hupoteza uthabiti wake, ndipo huanguka. Na mzee akivunjika nyonga huenda asitembee tena. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lawaambia wenye miaka 65 na zaidi wautumie mwili kwa nguvu ya kadiri dakika 150 au zaidi kila juma, nazo ni kama nusu saa kwa siku tano. Tena, siku tatu za juma wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Kutembea hivyo husaidia pia kuzuia shinikizo la damu na ugonjwa wa kisukari. Mwenye maradhi ya moyo au ya viungo na amwulize mganga wa hospitali kwanza.

Nasi hatukosi njia. Mtu wa Korogwe aweza kupita kando ya mashamba ya mkonge huku akiitazama milima ya Usambara. Lakini asishuke ukingoni mwa mto Pangani, maana mna mamba. Mtu wa Handeni anayo mapori na vilima vyake. Huko jua ni kali, kwa hiyo yafaa atoke mapema, achukue maji, avae viatu vilivyofunika vidole, na asikanyage majani marefu kabla ya kuyapiga kwa fimbo, kwa ajili ya nyoka. Asianze na mlima siku ya kwanza. Mwenda pole hajikwai.

2. Mikono

Miguu ikiisha kutembea, mikono nayo yataka shughuli. Wala si lazima iwe ya faida ya fedha, bali iwe ya kupendwa. Wako wafugao nyuki wadogo wasiouma. Mizinga yao ni midogo, yaweza kutundikwa ukutani karibu na nyumba, na mzee hana haja ya kupanda mti. Wengine hupanda michungwa, hufuma vikapu, au hupanda maua.

Katika habari ya maua, tukumbuke ua moja dogo la rangi ya urujuani, liotalo katika miamba yenye kivuli huko Usambara. Wenyeji walikuwa wakilipita siku zote. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyependa mimea, alipeleka mbegu zake kwa baba yake huko Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliandika kwa jina la Saintpaulia. Leo lapandwa katika vyungu vya madirishani katika nchi nyingi za dunia. Basi, huenda mbele ya miguu yetu yako mengine tunayoyapita bila kuyatazama.

Iko na kazi ya kalamu. Abdallah bin Hemedi, aliyefariki mwaka 1912, alikaa na Wakilindi na kumtumikia Semboja wa Mazinde, katika nchi hii ya Korogwe. Aliandika kwa Kiswahili Habari za Wakilindi, naye asingaliandika, mengi yangalipotea. Wazee wetu wa leo wakumbuka jinsi watu walivyohamia vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, na jinsi mashamba ya mkonge yalivyokuwa kabla ya bei kuanguka. Daftari moja na kalamu moja zatosha. Mzee asiyeandika wala kusimulia huenda na maktaba nzima kaburini.

3. Nyumba

Hapa pana hatari isiyosemwa sana. Mke ameitawala nyumba miaka thelathini, mume akiwa kazini. Sasa mume yupo kutwa, naye aanza kuamuru jikoni na kuhesabu vitunguu. Haifai. Na aulize kwanza, "Mama, nikusaidie nini?" Vivyo hivyo mama mstaafu asiwafanye wakwe zake kuwa wanafunzi wake.

Fedha nazo zisemwe wazi. Tangu mwaka 2018 mafao ya watumishi wa umma yako chini ya mfuko wa PSSSF, na ya sekta binafsi chini ya NSSF. Fedha ya mkupuo huvuta jamaa wengi na biashara nyingi zisizojulikana. Yafaa mume na mke waketi pamoja kabla ya siku ile, waandike ya chakula, ya matibabu, na ya kuwasaidia watoto, kila moja na kiasi chake.

Na mkulima, asiyepewa barua ya kustaafu hata siku moja? Huyo ni juu ya wanawe. Na wampunguzie jembe kidogo kidogo, wala wasimnyang'anye mara moja. Wamwachie bustani ya karibu, na neno lake lisikilizwe shaurini. Penye wazee haliharibiki neno.

Basi, ndugu zetu mliostaafu na mnaokaribia, kiti si kibaya. Ni cha mtu aliyerudi kutoka mahali. Kesho asubuhi, kabla ya jua kuwaka, chukueni fimbo.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini mzee yule hakuwa na jibu kwa mjukuu wake?
2. Ni njia gani karibu na kwenu iliyo salama kwa mzee kutembea nusu saa?
3. Taja jambo moja alijualo babu au bibi yako ambalo halijaandikwa. Nani ataliandika, na lini?