Kiroba Kilicho Chini ya Meza ya Fundi: Somo kuhusu Taka za Kielektroniki



Karibu kila senta ya biashara katika kata zetu ina kibanda cha fundi wa vifaa vya umeme. Hapo hupelekwa simu isiyoshika chaji, redio iliyonyamaza, feni iliyokwama, pasi na taa ya sola. Juu ya meza huwapo kazi za siku hiyo. Chini ya meza, ndani ya boksi au kiroba, huwekwa vile vilivyoshindikana: betri zilizovimba, bodi za simu, vioo vilivyopasuka, vipande vya nyaya, chaja zilizoungua. Somo la toleo hili linahusu kiroba hicho. Ni kidogo kwa ujazo ukikilinganisha na taka za sokoni, lakini kilichomo kina sumu ambazo maganda ya ndizi na majani ya kabichi hayana, na fundi pamoja na mteja wake wanaweza kukipunguza bila kusubiri mradi wowote.

Taka za kielektroniki ni kifaa chochote kilichokuwa kikitumia umeme au betri, au sehemu ya kifaa hicho, ambacho mwenyewe hakihitaji tena. Taarifa ya mashirika ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 inaeleza kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nasi hapa nchini tumekuwa na vipindi vyetu. Mitambo ya runinga ya analojia ilipoanza kuzimwa Desemba 31, 2012, kwa kuanzia Dar es Salaam, runinga nyingi za chogo zilihesabiwa kuwa zimekufa ilhali zilihitaji king'amuzi tu. Juni 2016, simu bandia zilipofungiwa mitandaoni, simu zilizokuwa zikifanya kazi jioni ziliamka asubuhi zikiwa hazina matumizi. Ukifungua kabati au stoo ya nyumbani kwako, huenda ukaikuta mojawapo.

Kabla ya kuingia katika madhara, ni haki kusema jambo ambalo husahaulika katika mikutano yetu ya usafi. Fundi siye mzalishaji wa taka hizi. Yeye ndiye anayezichelewesha. Sehemu kubwa ya nishati na malighafi inayohitajiwa na simu hutumika migodini na kiwandani, kabla haijafika dukani. Simu moja ikidumu miaka sita badala ya mitatu, simu ya pili haikuhitaji kutengenezwa. Kwa hiyo mwananchi anayepeleka kifaa chake kwa fundi, badala ya kukitupa, amekwisha kutimiza sehemu kubwa ya wajibu wake kwa mazingira. Mafundi wetu wanastahili kuelimishwa, si kufukuzwa senta kwa kisingizio cha uchafu.

Hata hivyo, sifa hiyo haiondoi hatari iliyomo kirobani, na hatari ya kwanza ni madini ya risasi.

Risasi imo katika lehemu ambayo mafundi wengi huitumia, ambayo ni mchanganyiko wa bati na risasi. Imo katika kioo cha runinga za chogo. Imo kwa wingi kupita kote katika betri kubwa za magari na za sola zenye tindikali, ambazo zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtu mzima huathirika figo na shinikizo la damu, lakini anayeumia zaidi ni mtoto, kwa kuwa mwili wake hufyonza risasi kwa wepesi kuliko wa mtu mzima, nayo hudumaza ubongo unaokua. Mtoto wa namna hiyo haonyeshi kidonda wala homa. Huwa mzito wa kuelewa darasani, na mzazi humlaumu kwa uvivu.

Mafundi wengi huogopa moshi unaopanda wakati wa kulehemu. Moshi huo hutokana hasa na dawa inayosaidia lehemu kushika. Huchokoza mapafu na unaweza kuleta pumu, hivyo kibanda kinahitaji dirisha au feni. Risasi yenyewe haigeuki kuwa mvuke kwa joto la kazi hiyo. Huingia mwilini kwa njia ya kawaida kabisa: mikono. Fundi hushika lehemu, kisha hushika chapati. Hushika waya kwa meno. Hurudi nyumbani na vumbi nguoni, akampakata mwanawe. Maji na sabuni kabla ya kula, na shati la kazi linalobaki kazini, ni kinga kubwa kuliko barakoa inayouzwa dukani. Wanaojifunza ufundi wafundishwe hayo siku ile ile wanayokabidhiwa chuma cha kulehemu.

Mambo yaliyotokea kwa majirani zetu yanatosha kutufundisha. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, wakazi walikuwa wakichekecha udongo uliochanganyika na mabaki ya betri za magari ili wapate risasi ya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki. Karibu nasi zaidi, katika makazi ya Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu kiliwatia wakazi sumu ya risasi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliirejesha fidia hiyo Desemba 2024. Fidia haiponyi ubongo wa mtoto. Kwa sababu hiyo, mtu anayefikiria kuyeyusha sahani za betri nyuma ya nyumba, hata kwa ajili ya kutengeneza chubwi za nyavu, aache kabisa. Si suala la kujikinga vizuri zaidi. Kazi hiyo haifanyiki salama katika makazi ya watu.

Hatari ya pili ni moto. Nyaya huchomwa ili mpira uungue na shaba ibaki, kwani mnunuzi wa chuma chakavu hulipa bei nzuri kwa shaba tupu. Mpira wa nyaya nyingi ni plastiki yenye klorini, na ikiungua kwa moto wa kienyeji hutoa sumu ziitwazo dayoksini, ambazo husababisha saratani na hudumu katika udongo kwa miaka mingi. Moshi hutoweka, majivu hubaki. Kuku wetu wa kienyeji hudonoa humo. Mwaka 2019 watafiti waliochunguza mayai ya kuku waliokuwa wakizurura katika eneo la taka za kielektroniki la Agbogbloshie, jijini Accra, walikuta kwamba mtu mzima akila yai moja tu hupata dayoksini zaidi ya mara 200 ya kiwango kinachokubalika kwa siku Ulaya. Sisi si Accra, na marundo yetu ni madogo. Lakini kuku wa nyuma ya kibanda hana habari ya ukubwa wa rundo. Waya umenywe kwa kisu au koleo. Kazi hiyo huchukua muda, na waya mwembamba usiostahili kumenywa uuzwe ulivyo, hata kama bei itapungua.

Wako pia vijana wanaosikia kwamba simu zina dhahabu, wakatafuta tindikali ya kuitolea. Ni kweli dhahabu imo. Japani ilipotengeneza medali za Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, ilikusanya tani zipatazo 79,000 za vifaa vidogo na simu zaidi ya milioni 6, ikapata dhahabu ya kilo 32 hivi, tena kwa viwanda vikubwa. Gawanya mwenyewe uone simu kumi zitakupa nini zaidi ya mapafu yaliyoungua.

Betri za simu janja, kompyuta na power bank ni somo la peke yake. Hizi ni za lithiamu. Zikitobolewa, zikipondwa au ncha zake zikigusana, huwaka ghafla na kutoa moshi wenye sumu. Betri iliyovimba isitobolewe kwa nia ya kuitoa hewa, wala isibanwe ili mfuniko urudi, wala isichajiwe tena. Fundi azibe ncha zake kwa utepe wa plastiki, aiweke katika ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, mfuniko ukiwa haujabanwa, mbali na spiriti, petroli na mahali anapolala mlinzi. Isitupwe kamwe katika pipa la taka za kawaida, kwa kuwa taka zinaposhindiliwa garini betri hupondwa na gari zima huweza kuwaka moto.

Sasa turudi mezani, kwani taka iliyo bora ni ile isiyozalishwa. Simu nyingi zinazodaiwa kuwa mbovu wa chaji zina vumbi lililoshindiliwa katika tundu la kuchajia. Huondolewa kwa kijiti chembamba cha mbao simu ikiwa imezimwa. Simu iliyoingia maji izimwe mara moja na iletwe kwa fundi siku hiyo hiyo. Kuichaji ili kuijaribu ndiko kunakoua bodi, na kuianika juani kunaichosha betri. Redio ya betri za mawe isipotumika, betri zitolewe, maana huvuja na kula shaba. Betri ya sola yenye vifuniko huongezwa maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili hiyo, si ya kisima, na isitumiwe hadi taa zizime zenyewe kila usiku. Anayeimaliza hadi mwisho kila siku huinunua tena mapema. Fundi mwenye maneno haya mawili matatu ya kumpa kila mteja anapunguza taka kuliko bango lolote tutakalolibandika sisi.

Aidha, kiroba kikipangwa huwa ghala la spea. Fundi anayetenga vioo, spika, vitufe na vifuniko katika makopo yenye majina hukuta kwamba simu tatu za kitochi zilizokufa huzaa moja iliyo hai. Anayechanganya kila kitu pamoja huishia kununua spea aliyokuwa nayo. Mteja naye afute picha na ujumbe wake, atoe laini na kadi ya kumbukumbu, kabla ya kuiacha simu kibandani iwe spea.

Inabaki taka ile isiyo na spea ndani yake. Hapa hatuna budi kusema waziwazi: gari la taka la Halmashauri na dampo la kawaida havikuandaliwa kwa ajili ya bodi, betri na vioo vya runinga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki za mwaka 2021, zinataka taka hizi zishughulikiwe na watu wenye vibali, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ndilo lenye kusimamia. Kwa hiyo anapokuja mtu kununua bodi na betri kwa kilo, swali la kwanza la fundi lisiwe bei bali kibali. Mnunuzi anayechagua shaba na alumini na kuacha mengine mtaroni hajaondoa taka. Amekuachia iliyo mbaya zaidi.

Ugumu uliopo ni kwamba mkusanyaji mwenye kibali hasafiri kwa ajili ya kiroba kimoja. Dawa yake ni mafundi wa senta moja kuweka pamoja. Mafundi watano au sita wakikubaliana juu ya chumba kimoja chenye paa, sakafu ya saruji na kufuli, mzigo wa miezi michache hufikia uzito wa kuitiwa gari. Kila mmoja apime mzigo wake na aandike daftarini tarehe, kilo na aina; daftari hilo litasaidia siku ya kugawana malipo, na pia siku ambayo Afisa Afya wa Kata atauliza. Runinga za chogo zihifadhiwe nzima bila kuvunjwa kioo. Wasio mafundi wasizifungue, kwani ndani mna umeme unaoweza kubaki hata baada ya waya kuchomolewa, na wafundi wa kujifunzia wasiguse bila msimamizi.

Mwananchi mwenye betri ya gari au ya sola iliyokufa asikubali kuimwaga tindikali, hata kama mnunuzi atadai hataki kulipia uzito wa maji. Tindikali hiyo hubeba risasi hadi kwenye udongo na kisima. Betri iuzwe nzima, isafirishwe ikiwa imesimama wima, na wakati inasubiri ikae juu ya ubao au beseni la plastiki mahali pasipofikiwa na watoto. Asiyemjua mnunuzi mwenye kibali aulize katika ofisi ya Mtendaji wa Kata, ambako Afisa Mazingira wa Wilaya anaweza kutafutwa kwa maelekezo.