Chupa ya limonadi yenye sumu

Baba na mama, mnaponunua sokoni dawa ya kuua mende na kunguni, mara nyingi mnapimiwa kidogo, bila kopo lake na bila maandishi. Bei ni ndogo, ninajua. Lakini nyumbani mnaitia wapi? Katika chupa ya limonadi, chini ya kitanda! Mtoto wa miaka 2 hajui kusoma. Anajua chupa, na jana alinyweshwa kitu kitamu katika chupa kama ile.

Nyingi za dawa hizo zinashambulia mishipa ya fahamu. Mtoto anatokwa na mate, machozi na jasho, anatapika, anahara, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, kifua kinajaa makohozi, pumzi inakatika. Hata ikimwagika mwilini tu ni hatari, maana inapita katika ngozi.

Msimtapishe. Msimpe mafuta ya mawese wala maziwa, hata jirani akisisitiza: hayaondoi sumu, na akitapika yanaweza kuingia mapafuni. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni upesi kwa maji mengi na sabuni, nanyi mkikinga mikono yenu. Kisha mkimbizeni hospitali pamoja na ile chupa. Kuna sindano ya atropini, lakini mganga lazima ajue mtoto alikunywa nini, na saa ngapi. Msifiche kwa haya.

Dawa ikae katika kopo lake, ndani ya sanduku lenye kufuli. Kopo likiisha, litoboeni, lisije likachotewa maji.