Saba za Wiki: Orodha Iliyonirudisha Kwenye Sala



Leo somo letu linakuja kwa mtindo wa orodha. Mkifika namba saba mtajua kwa nini.

1. Ilianza kama adhabu. Bibi yangu alipofariki, nikawa nakaa kanisani muda wote wa tafakari ya asubuhi nikiangalia saa tu. Nikamwambia mlezi wangu wa kiroho, "Padre, sina cha kumwambia Mungu." Akanijibu, "Basi kila Jumamosi niletee vitu saba ulivyoviona wiki hiyo. Usiniandikie neema wala wokovu. Andika vitu." Wiki ya kwanza nilileta viwili. Kimoja kilikuwa: wali ulikuwa na mawe.

2. Biblia nayo ina orodha. Fungua Methali sura ya 30, utamkuta Aguri bin Yake. Anaanza kwa kukiri kwamba hana akili hata ya kutosha mtu mmoja. (Mimi nimesomea falsafa hadi digrii ndipo nikafika alipoanzia yeye.) Halafu anahesabu mambo yanayomshangaza: tai angani, nyoka juu ya mwamba, meli baharini, na mwanamume na msichana. Hilo la mwisho mseminari hatoi maoni.

3. Sura hiyohiyo inataja wadogo wenye akili. Sisimizi wanaweka akiba, pimbi wanaishi kwenye miamba, nzige hawana mfalme ila wanakwenda kwa vikosi, na mjusi unamshika kwa mkono lakini yumo ikulu. Aguri aliangalia tu, akaandika. Chumbani kwangu pia yupo mjusi. Hajaomba ruhusa kwa gombera na kengele haimhusu. Huyo aliingia kwenye orodha wiki ya pili.

4. Kucheka si dhambi. Mtakatifu Filipo Neri, padre wa Roma aliyefariki mwaka 1595, inasimuliwa alijitokeza mbele za watu amenyoa ndevu upande mmoja, ili wasimwone wa maana sana. Mimi sikuhitaji wembe: wiki hii nilianzisha zaburi ya masifu ya jioni juu mno, ndugu zangu wakaniacha hukohuko juu peke yangu.

5. Mtakatifu Ignasi wa Loyola aliumizwa mguu na mzinga huko Pamplona mwaka 1521. Akiwa kitandani akaanza kuchunguza ni mawazo gani yanamwachia furaha na yapi yanamwacha mkavu. Baadaye, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, alifundisha namna ya kuchunguza dhamiri, na hatua ya kwanza aliyoweka ni kushukuru kwa ulichopokea. Dhambi zinakuja baadaye. Mimi nilikuwa naanza na dhambi na kuishia hapohapo. Tena, utashukuruje kwa kitu ambacho hata hukukiona kikipita?

6. Hii ni ngumu kidogo kuiandika. Wiki ya tano niliandika: harufu ya mchaichai jikoni. Bibi hakuwahi kunipa chai bila mchaichai. Nikalia palepale mezani, kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Jioni nilipoingia kanisani nilikuwa na la kumwambia Mungu: kwamba nimemkasirikia. Padre alipoisoma orodha aliinua macho akasema, "Sasa unasali."

7. Zoezi lenu. Jumamosi hii chukua daftari au simu, andika saba. Andika vitu, mahubiri tuachie mapadre. Kimoja kiwe cha kukuchekesha, na kama kipo cha kukuuma, usikifiche. Jumapili, wakati wa kupeleka vipaji altareni, peleka na hivyo saba moyoni. Ukipata viwili tu, peleka viwili. Mimi nilianza na mawe ya kwenye wali.

Wiki njema, na tuombeane. Mkumbukeni na bibi yangu.