RAMADHANI, SIKU YA 9: Pale panapoonekana patupu



Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, satelaiti ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Ilipima eksirei za angani, ikaonyesha kuwa kati ya galaksi za mbali, tunapodhani patupu, kuna gesi ya moto mno. Nyingi ni haidrojeni, ileile iliyomo kwenye maji tunayofuturia. Jicho haliioni.

Wapo wanaosema huo ndio moshi wa Fussilat, aya ya 11. Mimi naona tusiharakishe, tafsiri ina wenyewe. Ila Al-Mulk, aya ya 3 na 4, inatutaka turudie kutazama. Leo baada ya tarawehe, kabla hujawasha pikipiki, tazama juu kidogo.