SOMO LA MWEZI: TUSAFIRI KWA MWENDO WA WATOTO

Andiko: Mwanzo 33:12-14

Shule zimefungwa, Krismasi imekaribia, na wengi wetu tunafunga mizigo kwenda kuwaona ndugu. Somo letu linahusu watoto tutakaowachukua.

Katika andiko letu, Esau anataka waongozane. Yakobo anakataa kwa heshima. Anasema watoto bado ni wachanga, na wanyama wananyonyesha. Wakikimbizwa hata siku moja tu, wataangamia. Basi yeye atakwenda polepole, kwa kadiri watoto wanavyoweza. Yakobo alikuwa tajiri mwenye watumishi wengi, lakini aliyepanga mwendo wa msafara wake ni mtoto mdogo.

Tuwatazame jirani zetu Wabajuni, ambao tunachota nao maji bomba moja. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991 na vita vikaenea, wengi wao walitoka Kismayo na visiwa vya Koyama, Chovai na Chula kwa mashua na majahazi, wakaja Lamu na Mombasa. Upepo wa kaskazi, unaovuma Desemba hadi Machi, huwasukuma wasafiri kusini. Lakini upepo haumpi mtoto maji wala kivuli. Chombo kikijaa watu, jua ni kali, na maji ya bahari hayanyweki: chumvi yake huzidisha kiu na kuukausha mwili. Wao walikimbia kifo, hawakuwa na nafasi ya kuchagua. Sisi tunaokwenda sikukuu tunayo nafasi. Tuitumie.

1. Kabla ya safari. Tuangalie kadi ya kliniki. Hapa Kenya chanjo ya surua hutolewa miezi 9 na tena miezi 18. Mwaka 2011 wakimbizi wengi walipoingia Dadaab kutoka Somalia, surua ililipuka kambini. Mtoto mwenye homa au anayeharisha apelekwe zahanati kwanza. Kuahirisha safari si kukosa imani.

2. Maji. Wako wazazi wanaomnyima mtoto maji ili asisumbue kwa kukojoa njiani. Jambo hili ni hatari. Tumpe kidogo kidogo, mara kwa mara, maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa. Mtoto wa chini ya miezi 6 anatosheka na maziwa ya mama, hata wakati wa joto. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi.

3. Akiharisha njiani. Tusimnyime chakula wala ziwa. Tubebe pakiti za ORS. Zikikosekana, tuchanganye lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Yakipita saa 24 yamwagwe. Macho yakididimia, akilegea, akishindwa kunywa au akitoa damu, tusiendelee na safari. Tutafute hospitali iliyo karibu.

4. Kichefuchefu. Kwenye mashua akae katikati, ambako hakuyumbi sana, na atazame mbali. Kwenye basi akae mbele, mbali na moshi. Ale chakula chepesi.

5. Jua na mbu. Kofia au kanga mchana, chandarua kilichotiwa dawa usiku, hata kama wenyeji wetu hawatumii.

Labda mtu atauliza: tukichelewa, tutakosa ibada ya mkesha? Ndiyo, huenda tukaikosa. Lakini Yakobo naye alimwacha Esau atangulie, akakubali kufika nyuma. Hata Yusufu na Mariamu, walipomkosa Yesu msafarani (Luka 2:41-46), waliacha mwendo wa wenzao wakarudi Yerusalemu. Hakuna sherehe iliyo kubwa kuliko mtoto tuliyekabidhiwa na Mungu.

Maswali ya kujadili nyumbani:
- Katika safari yetu, ni nani anayepanga mwendo?
- Je, tuna maji ya kutosha ikiwa gari litaharibika njiani?
- Katika mtaa wetu, ni mama gani anayesafiri peke yake na watoto, nasi tunaweza kumsaidia kubeba?

Bwana awalinde kutoka kwenu na kuingia kwenu. Amina.