Kuku Wageni Kundini, na Uimara wa Ganda la Yai
Somo kwa wakristo wafugao kuku na kwa wainjilisti wa vijiji



Mwezi huu twataka kusema habari za kuku, wala mtu asidhani ya kuwa ni neno dogo lisilostahili gazeti la kanisa. Tangu Somanga na Kilwa Kivinje hata Mchinga na Lindi, nyumba nyingi za wakristo hazina ng'ombe wala fedha ya akiba, lakini zina kuku. Kwa kuku mtoto hupata daftari, mgonjwa hupata nauli, na mgeni hupata kitoweo. Tena wengi wetu, siku ya Bwana, huleta yai liwe sadaka, nalo hunadiwa baada ya ibada. Yai lililopasuka njiani halina mnunuzi. Na nyumba ambayo kuku wake wote wamekufa haina hata la kupasuka.

Basi tutasoma mambo mawili: kwanza, jinsi ya kumpokea kuku mgeni, pili, jinsi ya kupata mayai yenye ganda gumu.

I. Kuku mgeni

Yatukia mara nyingi hivi. Mama mjane ana kuku kumi. Ananunua tetea mmoja penye kituo cha mabasi, mzuri wa macho, na jioni ile amtia bandani pamoja na wenziwe. Baada ya siku chache mgeni ajikunyata. Kisha wa pili, kisha wa tatu. Kuhara kwao ni kwa rangi ya kijani, shingo zapinda, mabawa yalegea. Kabla ya juma la pili kwisha, banda ni tupu, na jirani zake nao wanazika kuku wao. Maradhi hayo ndiyo mdondo, ambao wengine huuita kideri. Wataalamu waliyatambua katika mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle huko Uingereza. Hayana dawa ya kuyaponya. Yana kinga tu.

Jambo la kuangaliwa sana ni hili: kuku aweza kuchukua mdondo mwilini siku 2 hata siku 15 kabla hajaonyesha dalili, na walio wengi huonyesha siku ya tano au ya sita. Kwa hiyo macho ya mnunuzi hayatoshi. Imetupasa kufuata taratibu tano.

Kwanza, kumchagua. Tumtazame macho kama ni makavu na maangavu, pua kama haina kamasi, na manyoya ya nyuma kama ni safi. Tufunue manyoya chini ya mabawa tuone kama kuna chawa au utitiri. Tutazame na miguu: magamba yaliyoinuka na kukwaruza yaonyesha wadudu wadogo walio chini yake. Miguu hiyo hupakwa mafuta ya nazi mara kwa mara, hata magamba ya zamani yaanguke.

Pili, kumtenga. Mgeni akae mbali na wenyeji muda wa majuma manne, katika tundu lake mwenyewe, na chombo chake cha maji na chake cha chakula. Tuwalishe wenyeji kwanza, kisha mgeni. Tukifuata njia ya kinyume, twachukua maradhi kwa miguu na mikono yetu. Baada ya kumhudumia mgeni tunawe kwa sabuni. Majuma manne ni marefu kwa mtu mwenye haraka, lakini ni mafupi kuliko miezi ya kuanza upya na vifaranga.

Tatu, kumchanja. Iko chanjo ya mdondo iitwayo I-2, ambayo hutengenezwa hapa Tanzania. Hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, lakini hata hivyo ihifadhiwe mahali pa baridi, mbali na jua. Kila kuku hutiwa tone moja katika jicho, mkubwa na kifaranga sawasawa, na kazi hiyo hurudiwa kila baada ya miezi 3. Haimfai kuku aliyekwisha kuugua. Humkinga aliye mzima, nayo huhitaji majuma mawili hivi kabla haijapata nguvu kamili. Kwa hiyo wenyeji na mgeni wachanjwe katika muda ule wa kutengwa. Mtaalamu wa mifugo wa kata ataonyesha namna ya kuitumia. Tena ni vema kijiji kizima kichanje siku moja, wakristo na waislamu pamoja, kwa maana kuku wa jirani hula uani mwetu, na wetu uani mwake.

Nne, kuwaonyesha wao kwa wao. Majuma yale yakiisha na mgeni ni mzima, tundu lake lisogezwe karibu na wenyeji, pawe na wavu katikati. Nyavu za zamani za wavuvi zafaa kabisa, mradi matundu yake ni madogo, kuku asije akanaswa shingo. Waonane hivyo muda wa juma moja, pasipo kugusana.

Tano, kuwachanganya. Kuku wana daraja zao. Mtaalamu mmoja wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliandika habari hiyo katika mwaka 1921: ya kwamba katika kila kundi kuna anayewadonoa wote, na wa pili anayewadonoa wote ila yule wa kwanza, na hivyo hata wa mwisho, ambaye hudonolewa na wote. Kila mgeni aingiapo, daraja hizo hupimwa upya. Kwa sababu hiyo tusiingize mgeni mmoja peke yake ikiwezekana. Wawili au watatu hugawana mapigo. Tuwaweke juu ya gongo la kulalia wakati wa magharibi, giza linapoingia, ili waamke pamoja. Siku zile za kwanza tuongeze vyombo vya chakula na maji, viwe mahali mbalimbali, maana aliye dhaifu hufa kwa njaa na kiu kuliko kwa midomo ya wenziwe. Kudonoana kidogo si ajabu. Lakini damu ikionekana, aliyeumia aondolewe upesi hata apone, kwa kuwa kuku waonapo damu huzidi kudonoa.

Tena tujue kwamba kuku aliyeogofywa hutaga mayai yenye ganda bovu, au huacha kutaga kwa muda. Hapo ndipo somo la kwanza linapokutana na la pili.

II. Ganda la yai

Ganda la yai ni nini? Ni chokaa. Wenyeji wa Kilwa twaijua chokaa vizuri, kwa maana Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na jumba la Husuni Kubwa vilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa. Jiwe la tumbawe, kombe la chaza na ganda la yai, vyote vitatu asili yake ni moja. Yai la gramu 55 lina ganda la gramu 5 hivi, na ndani yake karibu gramu 2 ni madini ya kalsiamu. Kuku hulitengeneza ganda hilo kwa muda wa saa 20 hivi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, sisi tulalapo.

Sasa, chakula tunachowapa ni nini? Ni pumba, chenga za mahindi, na maganda ya mihogo. Vyote hivyo vina kalsiamu kidogo sana. Basi kuku huikopa katika mifupa yake mwenyewe. Wa kienyeji, atagaye mayai 10 hata 15 kisha akaatamia, hupata nafasi ya kupumzika na kulipa deni lile. Lakini chotara atagaye karibu kila siku hana nafasi. Ndipo tuonapo mayai yenye ganda jembamba, au mayai ya ngozi yasiyo na ganda kabisa.

Dawa yake ipo pwani kwetu. Tuokote makombe yaliyotupwa na bahari na yale ya jikoni. Wala tusivunje matumbawe yaliyo hai, ambayo ni makao ya samaki. Tuyaoshe kwa maji baridi chumvi itoke, tuyaanike, tuyatwange kwa kinu hata yawe punje kama za mtama. Yasiwe unga mtupu: punje hukaa katika firigisi na kuyeyuka polepole usiku, wakati ganda linapotengenezwa. Tuweke katika chombo cha peke yake, hasa wakati wa alasiri, na kila mtagaji atajichukulia kadiri ya haja yake. Tusichanganye katika chakula cha vifaranga, maana kalsiamu nyingi hudhuru figo zao. Maganda ya mayai nayo yafaa, yakikaushwa motoni na kutwangwa. Yasitupwe mazima, kuku wasije wakajifunza kula mayai yao. Lakini chokaa mbichi ya tanuu huchoma. Isipewe kuku kamwe.

Pamoja na hayo tuangalie mambo manne. La kwanza ni jua: kuku afungiwaye gizani hawezi kuitumia kalsiamu vema, hata akipewa tele. La pili ni joto: tangu Novemba hata Machi kuku hutweta mchana kutwa, na kutweta huondoa katika damu kitu kinachohitajiwa kutengeneza ganda, tuwape kivuli, na chakula asubuhi na jioni. La tatu ni maji: visima vingi vya pwani vina chumvi, na maji ya chumvi hudhoofisha ganda, maji ya mvua au ya kisima kitamu ni bora. Dagaa wakavu nao waoshwe chumvi kwanza. La nne ni umri: kuku azeekapo mayai yake huwa makubwa na ganda huwa jembamba. Na ikiwa mayai ya kundi zima yameharibika ghafula, tushuku maradhi, tumwite mtaalamu.

III. Neno la mwisho

Torati haikumsahau ndege aatamiaye mayai (Kumbukumbu la Torati 22), na Mithali 12 husema ya kuwa mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake. Bwana wetu mwenyewe alijifananisha na kuku akusanyaye vifaranga chini ya mabawa (Mathayo 23). Basi kumtunza kuku ni sehemu ya uwakili wetu. Kuku humdonoa mgeni kwa kuwa ni tabia ya kuku. Mkristo aliyehamia usharika wetu, naye akakaa Jumapili tatu pasipo kuulizwa jina lake, amedonoka pia. Nasi hatuwezi kusema ni tabia yetu, maana tulibatizwa katika mwili mmoja.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini kuku mgeni atengwe hata kama aonekana mzima?
2. Kwa nini huwalisha wenyeji kwanza na wageni mwisho?
3. Makombe yatwangwe namna gani, nayo yawekwe wakati gani wa siku? Kwa nini?
4. Nani katika usharika wetu ni mgeni ambaye bado hatujampokea?

Bwana abariki kazi ya mikono yenu.